Jengo Lililohamia Katubuka

Asubuhi ile jengo lilipoondoka Mwamgongo, Melania alikuwa ufukweni akigeuza dagaa kwa fagio la chelewa. Dagaa wa kuanika mchangani hawataki mchezo. Mvua ikiwakuta, unawamwagia bata. Alisikia nyuma yake mlio kama wa mtu mzima anayenyanyuka na magoti yake mabovu. Akageuka. Jengo la kukaushia dagaa lilikuwa limejing'oa, msingi na yote. Likateremka taratibu katikati ya mitumbwi, likaingia ziwani, na maji yalipofika madirishani likashika njia ya kusini, upande wa Kigoma mjini.

Melania akamaliza kwanza kugeuza dagaa, ndipo akaenda kuwaambia wenzake.

Jengo lile walilijenga wao. Eliakimu, afisa wa mradi, alipokuja kuhamasisha, alisema wafadhili wataleta saruji, mabati na mitambo. Wananchi watoe nguvu zao, na likikamilika vijana wa kijiji ndio watakaoajiriwa. Watu walimpigia makofi, wakaenda zao. Ahadi walishazizoea. Ndipo Eliakimu akamtafuta Melania, kwa kuwa mama huyu akisema jambo, Mwamgongo husikiliza.

Melania alipita nyumba kwa nyumba. Alifika hata kwa Gloriose, aliyeingia nchini kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Mumewe, Telesphory, alisema wazi kwamba mradi wa watu yeye haubebei mawe.

"Shemeji, si mradi wa watu, ni wa wanetu," Melania alimwambia. "Happiness wangu na Nduwayo wako watahangaika na dunia mpaka lini? Kazi itakuwa hapa hapa mlangoni."

Telesphory akabeba. Siku ya kupandisha boriti, moja iliteleza ikamwangukia kiunoni. Tangu hapo anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano, na nyavu havuti tena.

Sasa Melania alimkuta Gloriose akimkanda mumewe mgongo kwa mawese.

"Dada, jengo limeondoka."

"Limeenda wapi?"

"Mjini."

"Ego," Gloriose aliitikia kwa Kirundi, mikono yake haikusimama. "Hata vijana wanakwenda huko huko."

Castory mvuvi, aliyekuwa akirudi na karabai zake, alisema alikutana nalo mbele ya Gombe. Alipunguza mashine akalipisha, kama unavyompisha mkubwa.

Kesho yake Melania na Happiness walipanda boti hadi Kibirizi, bandari ndogo ya mjini, wakauliza. Mwenye kibanda cha vocha aliwaelekeza bila kuinua macho: limepanda kata ya Katubuka jana jioni, limeloanisha barabara yote. Walilikuta limekaa kwenye kiwanja kitupu katikati ya nyumba za kupanga. Nyaya za umeme zilikuwa zimeshaunganishwa. Karibu na mlango ukutani palikuwa na alama ya kiganja cha Melania, aliyoiacha siku ya kupiga lipu. Akaweka mkono juu yake. Ukuta ulikuwa bado unatoa maji ya ziwa.

"Wewe," aliliambia, "sisi tumekulea kwa migongo yetu. Inuka twende nyumbani."

Jengo likafunga madirisha yake, moja baada ya jingine, kwa adabu.

Eliakimu akatoka ndani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmetuchukulia jengo letu."

"Hatukulichukua, mama. Limekuja lenyewe. Majengo yanafuata umeme, yanafuata barabara. Huku kuna mazingira rafiki."

"Na kazi za vijana wetu?"

"Kazi zipo. Ila mwongozo unasema waajiriwe wakazi wa kata lilipo jengo." Akafikiri kidogo, akamtazama Happiness. "Kwa heshima yako, mmoja naweza kumwingiza. Wa kufagia."

Kabla mama yake hajajibu, Happiness alikwisha uliza fagio liko wapi.

Melania alirudi peke yake. Alikaa nyuma ya boti, na kila abiria aliyemuuliza habari za mjini alimjibu kwamba ni nzuri. Kijijini habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake waliobeba naye mchanga walimwitikia salamu nusu. Telesphory alikuwa ameketi barazani, akainua uso kadiri kiuno kilivyomruhusu.

"Kumbe hukutudanganya, shemeji," alisema. "Kazi imepatikana."

Tangu siku hiyo Gloriose alianika dagaa wake upande wa pili wa ufuko, na Melania alipoishiwa chumvi alikwenda kuiomba nyumba za mbali.

Masika yalipokwisha, Eliakimu alirudi na wageni waliovaa makoti ya kuokolea maisha. Aliitisha mkutano pale pale palipokuwa na jengo, ndani ya shimo lililobaki, kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Alisema safari hii ni kiwanda cha sabuni ya mawese. Wananchi watoe nguvu zao, vijana wataajiriwa.

Gloriose akanyoosha mkono. "Hili tutalifunga kamba?"

Hakuna aliyecheka. Eliakimu akainama kwa wageni, wakanong'ona muda mrefu, wakakubaliana.

"Wazo zuri sana," alisema. "Limepokelewa. Kamba itakuwa mchango wa wananchi."

Kisha mkutano mzima ukamgeukia Melania. Aliinuka akiwa na hapana mdomoni, amekwisha iandaa vizuri. Akamwona Nduwayo amesimama kando ya baba yake, kijana aliyekwisha komaa, mikono mitupu, anamtazama kama mtu anayeomba asinyimwe zamu. Akamtazama Gloriose, naye Gloriose, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boti, hakugeuza uso. Alikuwa akisubiri jibu lile lile analolisubiri mwanawe.

"Mawe tuanze kubeba lini?" Melania aliuliza.

"Hata leo, mama," alisema Eliakimu, na wageni wakapiga picha.

Watu wakashuka ufukweni. Mawe ya karibu yalikuwa yamekwenda Katubuka na jengo la kwanza, kwa hiyo safari hii iliwabidi waende mbali zaidi.