Paka Aliyeingia Kwenye Wimbo

Watu husema ya kale ni dhahabu. Mimi hapo huwa nabisha. Kuna ya kale mengine ni kutu tupu, na asiyeamini aje nimwonyeshe cherehani yangu ya kwanza. Lakini kwa wimbo mmoja nawaunga mkono, na huo sitaki mtu auguse.

Ni wimbo wa mwanamume anayemlalamikia jirani yake: "Ukipita kwetu, dada, usipite kimya." Zamani ulipigwa redioni mpaka watu wakauchoka, halafu wakaukumbuka tena. Sisi tunao kwenye kanda aliyorekodi Baba kabla sijaanza shule. Siku hizo ukiutaka wimbo ulikuwa unausubiri. Baba aliazima redio kaseti, akaielekezea redio yetu mdomo kwa mdomo, akatuamuru tutulie kama maji mtungini. Tukatulia. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Katikati ya ubeti wa pili Mama akatoka jikoni na sufuria ya maziwa, akapaza sauti: "Fungeni mlango, paka anaingia!"

Sauti ikaingia yote kwenye kanda. Paka naye akaingia.

Baba alinuna siku tatu. "Mama yenu kaniharibia wimbo," alisema, na ameendelea kusema hivyo miaka yote, ingawa hakuwahi kuurekodi upya. Sisi watoto tuliukariri wimbo na paka wake ndani. Shuleni nikauimba hivyohivyo mbele ya darasa zima, mwalimu akacheka mpaka akaketi. Nilirudi nyumbani nalia kwamba shuleni hawaujui wimbo. Nyumbani kwetu ilikuwa sauti ya Mama ikifika kwenye kanda, aliye karibu na mlango anausukuma. Tabia hiyo tumeihamishia kwenye duka letu la ushonaji, na wateja wageni hudhani tunawafukuza.

Mama alitutoka miaka sita iliyopita. Sauti yake hatuna mahali pengine popote. Picha tunazo, tena nyingi, lakini picha haikutumi ukafunge mlango.

Basi kanda hupigwa dukani kila siku baada ya chai. Mimi niko kwenye cherehani ya dirishani, wifi yangu, mke wa kaka, yuko kwenye ile ya ukutani, na Baba hukaa kwenye kiti cha mlangoni akishona vifungo. Jumatatu moja, Baba hajafika bado, nikasikia mwimbaji anavuta maneno kama mtu aliyezidiwa na usingizi. Nikaruka. Redio ilikuwa imeitafuna kanda, utepe umejaa ndani kama matumbo ya kuku. Niliitukana redio ile matusi ambayo binadamu sijawahi kumtukana.

"Polepole, wifi," wifi akasema. "Redio haina mama." Halafu akajishika mdomo, maana alijua kamtaja nani.

Nikaikimbiza kanda kwa fundi redio, mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba alipokuja akaketi, akasubiri kidogo, akauliza, "Leo hamna wimbo?"

"Umeme hakuna, Baba."

Akaitazama pasi iliyokuwa inafuka mvuke mezani kwa wifi. "Na hiyo inakula nini?"

Nikainamia cherehani. Akachukua shati, akaanza kushona vifungo. Siku tatu hakuuliza tena, na siku tatu mimi nilishona mifuko ndani nje. Si kwamba nilimwogopa. Nilimhurumia. Mzee huyu kila siku alilalamika kwamba kaharibiwa wimbo, na kila siku alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kuja kuusikiliza.

Alhamisi fundi redio akaniita. Ni mtu mpole sana, na siku hiyo nilitamani angekuwa mkorofi ili nipate wa kugombana naye. Aliniambia kanda imepona, ila sehemu moja ilikuwa imesagika, haifai tena. Ameikata, na mahali pake ameunga kipande kitupu cha urefu uleule ili wimbo usiruke.

"Tena una bahati, dada," akasema. "Pale palikuwa na kelele za mtu. Sasa pametulia."

 Nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu alienda kukitafuta kile kipande, akanitilia kwenye bahasha. Nilipofika dukani nikakipima kwa futi, maana fundi cherehani akichanganyikiwa hupima. Sentimita kumi na nne. Mama yangu, ambaye akiita jikoni aliitikiwa nyumba ya nne, alikuwa amebaki sentimita kumi na nne zilizokunjamana.

"Mwambie Baba ukweli," wifi akasema. "Huwezi kumficha. Ule wimbo anaujua kuliko mwimbaji."

Kweli, sikuwa na pa kukimbilia. Baba alipoketi nikamwekea bahasha kwenye goti, nikamweleza yote, hata uongo wa umeme. Alikitoa kile kipande, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akakiangalia muda mrefu. Kisha akakirudisha kwenye bahasha, na bahasha akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Weka kanda," akasema.

Nikaweka. Ubeti wa kwanza ukapita. Wifi akaacha kukanyaga cherehani. Ubeti wa pili ukaanza, ukafika katikati, sauti ikakatika. Pakawa kimya. Sikupanga, na wifi anaapa kwamba naye hakupanga, lakini tulijikuta wote wawili tunapaza sauti kwamba mlango ufungwe, paka anaingia.

Mguu wa Baba ukausukuma mlango. Ukafungwa usoni pa mteja aliyekuwa anakuja kuchukua suruali yake.

"Nishafunga, mama watoto," Baba akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kumjibu. Mwimbaji alikuwa amesharudi, anaendelea kumlalamikia jirani yake, na mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wala sioni haya kusema. Mteja akagonga. Wifi akamwambia kupitia dirishani kwamba asubiri, wimbo haujaisha.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa suruali ya yule mteja, akaivaa tena, akachukua sindano.

"Leo umetoka vizuri," akasema. "Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha. Ila kwanza nilienda kuufungua mlango, apate wa kufunga.