Jina Kwenye Kadi ya Gari

Shemeji yangu Vicent alikuwa ameshakaa kwenye usukani wa pikapu yetu, ufunguo mkononi. "Gari la kaka ni la ukoo, Efrazia," alisema kwa upole, macho yake yakiangalia barabara ya Mugumu. "Na wewe hata kuendesha hujui."

Kweli, sikujua. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu tumzike Kisyeri, mume wangu, na pale Kenyamonta kila aliyekuja kunipa pole aliitazama zaidi ile pikapu nyeupe kuliko alivyonitazama mimi. Ndiyo iliyobeba mahindi yetu na maziwa ya majirani. Ndiyo iliyosomesha wanangu.

"Niachie hadi kesho," nilimwambia. "Mtendaji aione kadi."

Alicheka, lakini alishuka.

Kadi ilikuwa kwenye sanduku la bati, ndani ya bahasha. Sikuifungua. Niliogopa kuliona jina la Kisyeri. Asubuhi nilimkabidhi bahasha mtendaji wa kijiji, Honoratha, binti aliyeletwa kazini kutoka Bukoba. Vicent alikaa pembeni yangu. Honoratha alisoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mama, jina lako kamili ni nani?"

"Efrazia Marwa Nyamhanga."

"Basi mwenye gari ni wewe."

Ndipo nilipoikumbuka siku ile ya Tarime, miaka minne nyuma. Kisyeri alinitoa shambani katikati ya palizi, akanipeleka ofisi ya mapato, nikaweka vidole kwenye mashine, nikapigwa picha, nikasaini nilipoonyeshwa. Nilinuna njia nzima.

"Ya nini yote haya?"

"Makaratasi tu," alisema, akaninunulia soda na mandazi akidhani nitacheka. Sikucheka. Nilicheka mbele ya meza ya Honoratha, machozi yakinitoka, wala sikuona aibu.

Vicent aliichukua kadi akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata herufi. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Kaka hakuniambia."

"Hata mimi," nilimjibu.

"Ila bila leseni huendeshi, mama," Honoratha akanionya.

Basi, nikiwa na miaka arobaini na sita, nikaingia chuo cha udereva Tarime, nikifikia kwa dada yangu anayeishi Turwa, mjini hapohapo. Darasani nilikuwa na vijana waliozaliwa wakati mimi nimeshaolewa. Gari lilinizimikia hadi mwalimu akaacha kuhesabu. Siku ya mtihani, trafiki alinisimamisha katikati ya mlima, akaniambia niondoke bila kurudi nyuma. Niliondoka.

Mwaka wa tatu huu naendesha. Jumatano iliyopita, nikiwa na madumu ya maziwa nyuma, nilimkuta Vicent kando ya barabara, anakwenda hospitali kumwona mkewe aliyejifungua. Nikasimama. Alifungua mlango, akasita kidogo, akapanda.

"Shemeji, twende taratibu."

"Funga mkanda," nikamwambia, naye akafunga.