Uso wa Kuazima

...kama gari la daktari lingekuwa linapanda lingeshasikika pale konani, ukungu unaziba macho tu, hauzibi masikio, Tryphena alijiambia, akausugua tena mkono wa kulia kwa brashi ingawa ulishatakata zamani, maana mradi mikono imo ndani ya beseni hakuna atakayemuuliza mbona hajaanza, na nyuma yake Alice akaguna kitandani, mkono wa mtoto umetangulia kutoka, kimkono cha rangi ya zambarau, mtoto amekingama tumboni na asipogeuzwa atakufa, na mamake atamfuata... lakini daktari alishasema, nisipokuwepo usithubutu kugeuza mtoto, wewe ni nesi, ukiua utaeleza nini, kisha akashuka Voi kupokea dawa stesheni, na Tryphena amemwona akigeuza mara moja tu, yeye akishika taa... "Mwanangu," akaita mama Josephat, mama mkwe wa Alice, aliyemjua Tryphena tangu akiwa mtoto wa Sunday school kule Mghange, "mwambie mwenzako asogee kidogo, amenizibia mwanga, simwoni mke wa mwanangu." Mwenzako nani, leo wodini yuko peke yake, labda ni uchovu wa mzee wa watu, geuka umwambie hakuna mtu, geuka basi, ila shingo ilikataa, aliogopa, alijua ni nani, tangu siku ile darasani mwalimu wa wauguzi alipowasimulia habari za mwanamke mweusi wa Marekani, aliyepata udaktari watu wake wakiwa bado wanauzwa, ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha huko alikwenda kuwatibu waliotoka utumwani, wauza dawa wakamcheka, wakakataa kutoa dawa alizoziandika, naye akaandika hata kitabu cha kuwafundisha akina mama na wauguzi, na Tryphena akauliza picha yake iko wapi, mwalimu akasema nimeitafuta, hakuna hata moja, uso wake haujulikani... wenzake wakacheka, atakuwa alikuwa na sura mbaya, yeye akaingiwa na baridi, kwa sababu utotoni alipopotelewa na mbuzi aliwaona wazee wa ukoo chini ya mwamba, mafuvu yamepangwa yakitazama bonde, babu wa mwisho kushoto, na shangazi akamwambia usiogope, hawa wametulia, wa kuogopa ni yule ambaye kichwa chake hakikuwekwa popote, huyo huzunguka nchi hata nchi akitafuta uso wa kuazima. Na tangu siku ya darasani hatua zake wodini zina hatua nyingine nyuma yake, laini, akisimama zinasimama, amesali, amelala na Biblia chini ya mto, wapi... Alice akaguna tena, safari hii kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ndiyo mbaya. Sasa umekuja kuchukua nini, alimuuliza yule wa nyuma bila kufungua mdomo, uso wangu, au kile kimkono, na pumzi ikamgusa kisogoni, baridi, ya mtu aliyesimama kwa subira, na hapo ndipo wazo lilipomjia, mwizi gani huyu wa kungoja mlangoni miaka yote hii, mbona hajanyakua, na yeye huko kwao, mbele ya mama kama Alice, alimwomba nani ruhusa, alingoja gari la nani? Akainamia beseni, maji ya dawa yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, hayakuonyesha uso wowote, hata wake. Haya, alisema moyoni, chukua uso wangu, lakini uje na mikono yako. Brashi ikatulia. Gari halikusikika, ukungu ulikuwa palepale dirishani, Alice palepale kitandani, na Tryphena akageuka, mikono juu, maji yakichuruzika viwikoni, na nyuma yake hapakuwa na mtu, mama Josephat tu kwenye kiti chake, akimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mgeni, kisha akainuka kwa heshima na kujifunga leso vizuri.

"Kumbe umefika, daktari," akasema. "Hatukusikia gari."