Tasbihi Ziwani

Bi Nana alikuwa hajatoka Faza tangu amalize eda ya mumewe. Binti yake Asmaa na mkwewe Harith walimbembeleza hata akakubali kwenda nao mandari bara, walale hemani kando ya ziwa la msituni.

Walipofika na kupiga hema, Bi Nana aliinama ziwani kutia udhu, na tasbihi ya marehemu, aliyokuwa akiivaa mkononi, ikamponyoka ikazama penye magugu.

"Si neno," akasema, akakaa mkekani. "Tungoje maji yapwe, tutaiokota."

Asmaa alijizuia, akashindwa, akacheka. "Mama, hili ni ziwa! Maji yake hayapwi wala hayajai."

Bi Nana akayatazama maji yaliyotulia. Maisha yake yote, kitu kikiangukia ufuoni kilingojewa tu. Machozi yakamlenga.

Harith alipoyaona akavua shati. "Naizamia mara moja, Mama. Mimi nimezaliwa baharini."

"Na yule naye amezaliwa wapi?" Bi Nana alinyoosha kidole. Nyuma ya magugu, masikio mawili ya kiboko yalikuwa yakitikisika. "Rudi, baba. Mwenye tasbihi keshakwenda kwa Mola wake. Wewe una mke hapa."

Harith akarudi, akalihamisha na hema mbali na maji.

Alasiri ilipoingia wakaswali. Kisha Bi Nana akavuta uradi kwa vidole, pingili baada ya pingili. Alidhani hesabu itampotea. Haikumpotea.