Wimbo wa Lindon Bila Besi

Leona Tulloch aliingia duka la santuri la mtaa wa Stokes Croft akiwa amekunja uso tangu nyumbani. Mchana huo Barnaby Fenn alikuwa anazindua mkusanyo wake mpya wa muziki wa vichochoroni wa Bristol, besi nzito na midundo iliyokatwakatwa, na humo ndani alikuwa ameutia wimbo wa Lindon, kaka yake Leona, ambaye sasa ni marehemu.

Fenn alikuwa amesimama mbele akihutubia vijana waliovaa makoti ya makuli wa bandarini, watu ambao hawajawahi kubeba hata gunia.

"Muziki huu umezaliwa mtaani," alisema.

Leona akaguna. Mtaa aliokuwa akiujua Fenn ni ule alioegeshea gari lake.

Kilichomchoma zaidi ni kumkuta mama yake kiti cha mbele, kofia ya kanisani kichwani. Mama huyuhuyu ndiye aliyewahi kuzitupa spika za Lindon uani, mvua inanyesha. Na ndiye aliyempa Fenn ruhusa.

"Mama, hata kuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa. Kaa, unanizibia."

Wimbo ukaanza. Leona alingoja besi impige kifuani kama zamani, sakafu itetemeke. Haikuja. Ngoma zilikuwa zinagongagonga kama vijiko sinkini.

"Besi iko wapi?" aliuliza kwa sauti. Watu wakageuka.

"Tumeipunguza kidogo, dada," Fenn akatabasamu. "Siku hizi wengi wanasikilizia kwenye simu."

"Umekwangua nyama yote umetuletea mifupa, halafu unataka makofi?"

"Jamani, sisi tunamuenzi Landon..."

"Unamuenzi nani? Jina lake lenyewe linakushinda. Landon, Landon! Landon ndiyo nani?"

Akanyoosha mkono ainue sindano kwenye santuri. Mama akamdaka kifundo cha mkono.

"Acha! Huyo ni mwanangu."

Leona akasikiliza. Chini ya ngoma, pale besi ilipokuwa imejaa siku zote, palikuwa na sauti ya Lindon. Alikuwa akihesabu midundo kwa mnong'ono, akakosea, akacheka peke yake. Leona alikuwa ameucheza wimbo huo miaka na miaka na hakuwahi kukisikia kicheko hicho. Akaushusha mkono. Mama machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti.

Fenn naye, kuona machozi, akatoa simu apige picha. Leona akaiziba kwa kiganja.

"Thubutu uone."

Fenn akairudisha mfukoni haraka. "Mimi nilijua tu utawagusa watu," alisema.

"Ulijua nini wewe? Hiyo sauti umeisikia?"

"Sauti gani?"

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayetazama samaki aliyeoza. "Leona," akasema, "twende zetu. Huyu hana masikio, ana matundu tu."

Leona alimshika mama mkono wakatoka. Alimdharau Fenn kuliko alivyomdharau wakati anaingia. Mtu amewapa kitu kikubwa namna ile, na amekitoa kwa ujinga mtupu!

Nyumbani, mtaa wa Easton, alimwekea mama wimbo wenyewe, wenye besi yake yote, kwenye spika kubwa. Vikombe vikacheza kabatini. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, mpaka mwisho.

"Kelele tupu," alisema. Kisha akavua kofia, akamwambia aurudie.