Jiwe la Chiriku

Rangi nyekundu ilikuwa mbichi bado. Fundi alijaribu kuifuta kwa kiganja, ikazidi kutapakaa juu ya jiwe la binti yake.

"Mzee, usishike, rangi ya serikali hiyo," alisema msimamizi wa barabara, kopo mkononi.

"Umeipaka ya nini?"

"Barabara inapita hapa. Makaburi yenye maandishi yanahamishwa, marehemu anazikwa upya kule mbele kwa heshima zake. Yasiyo na maandishi, greda litapita juu. Jumatatu."

"Hili lina maandishi. Nimeyachonga kwa mkono wangu."

Msimamizi aliinama, akalitazama jiwe, akamtazama fundi. "Hii michoro?"

"Ni jina la mwanangu hilo!"

"Mimi nimeambiwa herufi zinazosomeka. Nenda ofisini, mzee wangu, mimi natumwa tu."

Herufi hizo huanzia kulia. Babu yake fundi alizichonga, na baba yake pia. Watu wa mtaa ule waliandikiana kwazo barua za posa, mikataba ya mashamba, hata matusi ya ukutani. Zikaja shule na herufi nyingine, ofisi zikafuata, na mwaka wa sensa kijana mmoja alimwuliza fundi kama anajua kusoma. Fundi akasema ndiyo, tena akamletea tungo za marehemu baba yake amsomee. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaandika: hajui. Basi, mtu aliyeandika wafu wa mtaa mzima akawa hajui kusoma.

Binti yake huyo, fundi alimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi, asubuhi mpaka usiku ni maneno tu na kicheko. Homa ilimchukua hata hajaolewa. Fundi alimchongea jina lake kamili, na chini yake mstari mmoja: *Nyumba imenyamaza*. Hajawahi kuchonga kitu kizuri kuliko hicho, na hakuona haya kusema hivyo.

Ofisini alikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Karani hata shikamoo hakutoa.

"Sema shida yako."

"Nataka jina la binti yangu kwa herufi zenu, mwanangu, nikalichonge." Alilitaja lote polepole, la binti, lake mwenyewe na la babu, ili karani asikose hata kidogo.

Karani alijinyoosha kitini. "Hiyo si kazi yangu, mzee. Ila ukininywesha chai, tunaweza kuongea."

"Chai sina, baba. Ningekuwa nayo nisingekunyima."

Uso wa karani ulikunjamana. Alibonyeza kitu, mashine nyuma yake ikatema karatasi, akaisukuma mezani bila kuitazama. "Haya, shika. Chonga kama ilivyo hapo, usiongeze wala usipunguze. Anayefuata!"

Fundi aliikunja karatasi ile, akaitia kifuani. Njiani alisimama mara kwa mara kuitazama. Kumbe Chiriku anaandikwa hivi! Lilikuwa jina lililonyooka, lenye miguu mingi.

Jiwe lilikuwa dogo, maana makubwa ni ya wenye nacho, na mgongo wake ulikuwa umelika kwa mvua. Ungepigwa patasi ungepasuka. Majina mawili hayakuenea. Ilibidi la zamani litoke. Alipiga moyo konde, akaanza kulikwangua, na alipofika kwenye ule mstari wa chini alilia, akalia sana, huku mkono unaendelea na kazi. Kisha akachonga kutoka kwenye karatasi, pembe kwa pembe, herufi baada ya herufi. Angeweza kumwuliza mtu anayejua. Lakini fundi wa mawe ndiye anayeulizwa, yeye haulizi, na kwa desturi ya kazi yao jiwe hufunikwa gunia mpaka siku ya kuonyeshwa. Alilifunika.

Jumatatu greda lilianzia upande wa pili wa makaburi. Watu wa mtaa walisimama wamejikusanya, wengi mawe yao yana nyekundu. Fundi alivua kofia, akafunua gunia.

Msimamizi alisoma kwa sauti. "JINA LA MAREHEMU." Akarudia, safari hii taratibu. Vijana wake wa sururu waliangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa.

"Mzee! Huu ni mfano! Hapa ndipo ulitakiwa uweke jina lenyewe."

Fundi alipiga magoti. Alipitisha kidole juu ya herufi zile kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akakipitisha pale chini palipokuwa na mstari wake. Palikuwa laini. Alikuwa amepasugua vizuri.

Msimamizi alijifuta machozi ya kicheko, akaangalia saa. "Lakini herufi zipo, na zinasomeka. Mimi natafuta herufi tu. Leteni kijani."

Wakalipaka kijani.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti pale mama muuza mkaa, jirani yake, alipomshika bega. Mumewe alilala safu ya nyuma, chini ya nyekundu.

"Fundi, nichongee na mimi."

"Umesikia inachosema?"

"Nimesikia. Sina masikio ya mapambo."

"Nitamfuta mumeo, mama. Jina lake lote."

"Na lile litambakiza?" Alielekeza kidevu kwenye greda. Lilikuwa limeshakula safu mbili.

Fundi aliangalia nyuma ya mama yule. Walikuwa wameanza kupanga foleni, mmoja na tindo la kuazima, mwingine na ndoo ya maji, wakimngoja yeye. Mawe yao yote alikuwa amewachongea mwenyewe.

Akachukua patasi. Mume wa mama muuza mkaa alikuwa mfupi, mtu wa masihara, na alipokuwa hai aliagiza kabisa kwamba jiweni aandikwe kwa herufi ndefu, angalau huko awe mrefu. Fundi alimpa herufi ndefu. Sasa aliitandaza ile karatasi ya ofisini chini, akaiwekea kokoto isipeperuke, akaanza kukwangua kutoka kulia, jina linapoanzia.