Ufito wa Mwalimu Ambokile

Neno lile lilimkaa Mama Gloria kama mchanga jichoni, ukisugua unazidi. Lilikuja kwa simu kutoka Kihesa, Iringa, kwa wifi yake Faustina.

"Wifi, walimu wa siku hizi wamegeuka. Huku wanawapima watoto kwa ufito kama fundi wa majeneza. Mrefu anapewa vidonge vingi, mfupi vichache. Eti dawa ya kichocho! Watoto wameanguka mstarini, wifi, na wa kwangu yumo."

"Mungu wangu! Yu mzima?"

"Mzima. Nilishaambiwa nisimpe chakula. Dawa ikikuta tumbo tupu haina pa kushika, inatoka yenyewe. Lisemwalo lipo, wifi."

Tangu hapo Mama Gloria akawa anamchungulia Mwalimu Ambokile, mwalimu wa mwanawe Gloria, kila akipita mtaani kwao Ilomba. Kwa nini mtu mmoja awe kila mahali? Asubuhi anaonja uji wa shule, mchana hisabati, jioni mpira, Jumapili kwaya. Na sasa wamempa na dawa! Mwenye kazi nyingi hivyo, moja lazima iwe ya kujificha.

Siku moja kabla ya dawa, mwalimu akapiga hodi, akasalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, Mama Gloria. Kesho mtoto ale ashibe kabla ya kuja, tafadhali."

"Tangu lini wewe daktari?"

"Tangu semina ya juzi," mwalimu akacheka. "Daktari wa siku moja, mama. Keshokutwa narudi kwenye hesabu zangu."

"Na chakula cha nyumbani kwangu kinakuhusu nini?"

"Bila chakula dawa inasumbua."

Mama Gloria hakucheka. Alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Anayemnenepesha kuku, alijisemea, ana siku yake.

Asubuhi, baridi inakata masikio, Gloria akaulizia uji.

"Leo hakuna."

"Lakini mwalimu kasema..."

"Mwalimu ndiye kakuzaa? Wakikuuliza, sema umekula."

Mtoto akaenda. Mama akafuata kwa nyuma, akajibanza kwenye ua wa shule. Ufito ule aliuona kweli, umeegemezwa ukutani, umechorwa mistari, kila mstari na idadi yake ya vidonge. Mwalimu akauliza nani hajala, uji upo. Mikono michache ikanyooshwa. Wa Gloria haukunyooshwa. Alisimama kwenye ufito, akapewa vidonge, akameza.

Haikupita muda akashika tumbo, akatapika, akaanguka.

Mama Gloria aliruka ua, khanga ikabaki kwenye miiba. "Umeniulia mwanangu! Nilijua!"

Mwalimu alikuwa keshapiga magoti, kichwa cha mtoto mkononi. "Gloria, ulikula nini leo?"

Gloria alimtazama mama yake. Mwalimu naye akamtazama mama. Macho yale ya kushuku aliyokuwa akimtupia mwenzake siku zote, leo yakamrudia yeye, na hakuwa na pa kuyakwepa.

"Hajala," mama akasema.

Mwalimu alimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati, mama akikimbia nyuma. Nesi akampumzisha, akamnywesha kidogo kidogo. Mchana mtoto alikuwa anadai ndizi.

Jioni simu ikalia. Faustina alikuwa analia.

"Wifi, umesikia? Huko kwenu Ilomba mtoto kapimwa ufito, kafa! Mama yake karuka ua kama kichaa."

Mama Gloria akamtazama mfu huyo, anamenya ndizi ya tatu.

"Wifi, acha kulia, nikuulize. Wale wa Kihesa walioanguka, mama zao waliwapa chakula?"

"Wifi, salio linaniishia," Faustina akasema, akakata.

Basi mzazi mwenzangu, siku ya dawa shuleni ikifika kwenu, epuka haya:

Usimnyime mtoto chakula.

Usimfundishe kusema amekula wakati hajala.

Usimfiche mwalimu kama mtoto anaumwa au ana dawa nyingine anayotumia.

Usipokee habari ya mtoto kuanguka bila kuuliza alikuwa amekula nini.

Usiipeleke mbele kwa simu.

Wala usimwamini mwalimu kwa kufumba macho. Nenda ukauone huo ufito, uliza ni wa nini, simama pale mpaka mwanao ameze. Lakini usiruke ua. Pitia getini.